Nilisema Hamna

Habari za kifo cha Mama Nyangeta zilinikuta kibarazani kwangu Buhongwa, Jumanne asubuhi, nikichambua choroko. Simu iliita kwa namba nisiyoijua. Mwanamke mtu mzima akanisalimia shikamoo, akajitambulisha kuwa yeye ndiye Nyangeta mwenyewe, kwamba mama yake amefariki usiku wa kuamkia Jumatatu na kwamba aliacha maagizo atafutwe yule binti wa takwimu, Salome. Nina miaka sitini na mbili, na ni muda mrefu hakuna aliyeniita binti. Nilimpa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu na kubaki nimeshika ungo. Katika maisha yangu ya kufundisha, kila mwaka nilipofika kwenye somo la kupima dhana, niliwasimulia wanafunzi habari za binti mmoja niliyesoma naye, aliyekwenda kwenye mwalo wa wavuvi na kusema neno moja lisilofaa kusemwa. Wanafunzi walicheka, wakaandika, wakafaulu mtihani. Binti yule ni mimi. Sikuwahi kulisema hilo darasani, wala kwa marehemu mume wangu, wala kwa padri.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili chuoni. Mimi na Pendo, Msukuma wa Magu mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, tulipanga chumba kimoja Butimba. Kilikuwa na kitanda cha futi nne tulichogawana, meza iliyoegemezwa ukutani kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na dirisha lililotazama jiko la mwenye nyumba. Kupitia dirisha lile tulijua nyumba nzima inakula nini na inanuniana na nani. Kila jioni mwenye nyumba aliuliza kwa sauti kutoka jikoni kama maji ya bomba yametoka, na mpangaji wa chumba cha pili, fundi cherehani asiyependa kunyanyuka, alijibu "Hamna" bila kuacha kukanyaga cherehani yake. Alikuwa hajafika bombani. Mara nyingi tuliteremka na ndoo zetu tukakuta maji yanatoka vizuri tu. Pendo alikuwa akisema fundi yule angesoma kwa Mwalimu Kokugonza angekula sifuri, nasi tulicheka sana, maana wakati ule tulijiona wajanja.

Mwalimu Kokugonza ndiye aliyetufundisha takwimu. Alikuwa mama wa Kihaya, mrefu, aliyetembea na kahawa ya kutafuna mfukoni, akitia punje moja mdomoni kila alipotaka kufikiri. Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza, lakini siku ya somo la kupima dhana alifunga kitabu akasema leo tutaongea kama watu. Kulikuwa na malalamiko kwamba mpishi wa bwalo anawapa wavulana minofu na wasichana mifupa. Basi, akasema, msimhukumu bado. Anzeni kwa kudhani hamna kitu, mpishi anachota tu, wa minofu anapata na wa mifupa anapata. Hiyo ndiyo dhana ya kuanzia, nayo mnaikubali kwa muda tu, kama mtu anayemwacha mtuhumiwa aende nyumbani mpaka kesi isikilizwe. Halafu hesabuni sahani. Mkikuta wavulana wamezidi, jiulizeni: kama kweli mpishi hana upendeleo, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa hivi mara ngapi? Ikiwa ni mara chache mno, chini ya mara moja katika ishirini, tunaacha dhana ile tunasema mpishi ana lake jambo. Na mpaka huo wa moja katika ishirini, alisisitiza, unachorwa kabla ya sufuria kufunguliwa, siyo baada ya kuona nyama. Mtu akauliza, na ikiwa si mara chache? Mwalimu akatia punje ya kahawa mdomoni. Alisema hapo ndipo watu wazima wanapoharibu kazi. Mmehesabu sahani nane, hamkuona kitu, mnatangaza mpishi ni malaika. Labda ni malaika, labda sahani nane ni chache. Kuna kosa la kuona kisichokuwepo, na kuna kosa la kutoona kilichopo, na la pili halina kelele, ndiyo maana watu hawaliogopi. Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa neno HAMNA, akalipigia mstari. "Hili ni neno la kuanzia," alisema. "Nisilisikie kwenye kumalizia. Mwishoni mtu mwaminifu anasema: hatujaona."

Niliandika sentensi ile kwenye jalada la daftari langu. Naikumbuka hata rangi ya wino, ya kijani.

Kazi yetu ya vitendo ilitupeleka ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Tulivuka kwa kivuko hadi Kamanga, halafu tukatembea kama saa moja kufuata ufuko hadi kwenye mwalo mdogo wa kushushia samaki ambao jina lake nitaliacha, maana watu wake bado wapo. Pale wanawake walianika dagaa kama kawaida, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Mama Nyangeta, mjane wa Kijita aliyetoka upande wa Majita na kuolewa huku, alikuwa na wazo tofauti. Alikuwa amejenga vichanja saba vya miti na wavu wa matundu madogo, virefu kufika kiunoni, akishikilia kwamba upepo ukipita chini, dagaa hukauka upesi na hawapati ukungu wakikaa kwenye gunia. Vichanja vilikula nafasi. Wenye mitumbwi walitaka nafasi ile ya kupandishia mitumbwi yao, na kamati ya mwalo ilikuwa imempa hadi mwisho wa mvua za vuli aonyeshe kuwa vina faida, la sivyo ving'olewe. Aliposikia kuna wasichana wa chuo wanaotafuta kitu cha kupima, alituma mtu atuite. Hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini alielewa alichokuwa anaomba kuliko sisi tuliokuwa tunampa.

Siku ya kwanza alitupikia ugali wa muhogo, mweusi kidogo na wenye kuvutika, kwa sato wa kuchemsha na limau. Tulikaa kwenye mkeka ndani ya nyumba yake ya chumba na ukumbi, na tukamweleza mpango wetu. Kila asubuhi tungechukua mfuko mmoja wa dagaa wa nyavuni na mmoja wa kichanjani, wote wa mtumbwi uleule. Tungeitunza mifuko kwa wiki tatu kisha tuhesabu dagaa wenye ukungu kwa kila mia. Mifuko thelathini ya huku, thelathini ya kule, siku za jua na siku za mvua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mifuko yote pamoja ni mingapi, nikamwambia sitini. Akainuka, akatoa sandukuni kitenge chekundu chenye maua ya njano ambacho bado kilikuwa kizima, akaanza kukichana vipande vya kufungia. Pendo alimwambia, "Mama, tungetumia kamba tu." Akasema kamba zinafanana na kamba za watu wengine, na kazi hii isije ikachanganyika. Alichana vipande sitini mbele yetu, akivihesabu kwa Kijita. Fundo moja lingekuwa la nyavuni, mafundo mawili ya kichanjani.

Sasa nije kwenye uvivu wetu, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia, si kwenye hesabu. Kuwahi mwaloni ilibidi tuamke kabla jua halijatoka na kuvuka na kivuko cha kwanza. Asubuhi za jua zilikuwa raha: ziwa limetulia, chapati za moto gatini, Pendo akitaniana na mabaharia wa kivuko. Lakini vuli ilipoanza, tulifungua dirisha, tukaona mawingu juu ya mawe ya mjini, mmoja wetu akasema leo hapana, kesho. Kesho nayo ilikuwa na mawingu. Kulikuwa na harusi ya dada yake Pendo, kulikuwa na mtihani wa majaribio, kulikuwa na homa ambayo sina hakika kama ilikuwa homa. Mpaka muhula unakaribia kwisha tulikuwa tumekwenda siku saba, zote za jua kali. Mifuko kumi na minne. Ilining'inia kwenye kenchi, miti ya paa la chumba chetu, kama popo wenye tai nyekundu, ikinuka mpaka mwenye nyumba akasema atatuongezea kodi ya samaki. Na kila mara tulipokwenda Mama Nyangeta alikuwa amesimama tayari pembeni ya vichanja, vipande vya kitenge vimefungwa kwenye pindo la khanga yake, akitoa viwili, akifunga mifuko kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwahi kutuuliza tulikuwa wapi siku za mvua.

Jumapili moja baada ya misa tulimwaga dagaa mezani na kuhesabu. Wa kichanjani walikuwa wazima zaidi kidogo. Tulikokotoa mara mbili kwa mkono: kama kweli kichanja na wavu ni sawasawa, bahati peke yake ingeweza kutuletea tofauti kama ile kiasi cha mara moja katika kila tano. Mpaka wetu ulikuwa moja katika ishirini. Dagaa wazima tuliwakaanga kwa kitunguu na nyanya tukala na ugali, na kwenye ripoti niliandika kwa Kiingereza changu kizuri sentensi iliyotakiwa, kwamba hatujapata ushahidi wa kutosha wa kuiacha dhana ya kuanzia. Tuliandika pia mifuko ni kumi na minne na siku ni za jua tupu. Kwenye karatasi sikudanganya hata nukta. Mwalimu Kokugonza alitupa alama ya juu, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba sampuli ni ndogo mno, kwamba faida ya kichanja inatarajiwa wakati wa mvua na sisi hatukuwahi kupima mvua, na kwamba maneno hayo tuwaambie wenyewe mwaloni kama yalivyo. Nilisoma maandishi yale mara tatu. Nayajua kwa moyo.

Kikao cha kamati kilifanyika kwenye banda la bati la kupimia dagaa. Mwenyekiti, mzee mwenye mitumbwi minne na tumbo la heshima, alituandalia kiti kila mmoja, jambo ambalo wanawake waanikaji hawakufanyiwa, wao walikaa kwenye ndoo walizozifudikiza. Kabla ya kikao tulilishwa sangara wa kukaanga mpaka tukashindwa. Nilivaa gauni langu la bluu. Nilipoitwa kusimama nilianza vizuri, nikasema kuna dhana ya kuanzia, na kuna bahati, na inatupasa kujiuliza ni mara ngapi. Nyuso zikaanza kuchoka. Mtu mmoja nyuma alipiga miayo kwa sauti na wenzake wakacheka, nami nikahisi masikio yanapata moto. Nilikuwa nimekuja kuwa msomi, na sasa nilionekana mtu anayezungukazunguka. Mwenyekiti akanisaidia, au ndivyo nilivyoona. Alisema mambo ya shule ni marefu, na wao wana kazi. "Kwa kifupi, binti. Tofauti ipo au hamna?"

Ningeweza kusema hatujaona. Ni neno moja tu, refu kidogo kuliko jingine. Lakini baada ya hatujaona lazima mtu aulize kwa nini, na baada ya kwa nini ningelazimika kusema habari za mawingu, na harusi, na kitanda cha futi nne ambacho asubuhi za mvua kilikuwa na joto zuri. Nikatazama gauni langu.

"Hamna," nilisema.

Wenye mitumbwi wakapumua. Mwenyekiti alikuwa tayari anafunga daftari lake aliposimama Mama Nyangeta. Alikuwa ameshika pindo la khanga yake kwa mkono wa kushoto, lile lenye fundo, na nilidhani ni kawaida tu ya mtu mzima kushika khanga anapoongea mbele za watu. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama tuko wawili kwenye mkeka wake.

"Binti yangu, mlipima mifuko mingapi?"

"Ya kutosha, Mama."

Nilidhani ataendelea. Akasema, "Haya. Ahsanteni kwa kazi," akaketi juu ya ndoo yake, na mkono haukutoka kwenye lile pindo mpaka kikao kikaisha.

Kwenye kivuko Pendo hakucheka. Tulikuwa karibu kufika upande wa mjini aliposema, bila kunitazama, "Ulisema hamna." Nikamwambia nilirahisisha tu, wale ni watu wa kawaida, wasingeelewa. Huo ndio uongo unaonitia aibu kuliko wa kwanza, maana mtu pekee aliyeelewa mle bandani ni yule mjane wa darasa la tatu, na swali lake lilikuwa ndilo swali pekee la kitakwimu lililoulizwa siku ile. Pendo naye alikuwa amenyamaza kwenye kikao, lakini sitamgawia mzigo wangu. Aliyesimama ni mimi.

Sikurudi mwaloni. Habari nilizipata muhula uliofuata, Pendo alipokutana na mmoja wa wanawake wale kwenye soko la samaki mjini. Vichanja viling'olewa wiki ileile, miti yake ikatumika kuviringishia mitumbwi. Mvua ikaja ya kweli, siku kumi mfululizo, na dagaa wakaozea nyavuni, wengine wakaishia kwa kuku. Mama Nyangeta aliacha uanikaji akarudi kulima muhogo. Pendo alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu na fungu la mchicha mkononi, na fundi cherehani akijibu "Hamna" huko nje, na kwa mara ya kwanza haikunichekesha. Nimejaribu kujitetea kitaalamu. Nimejiambia siwezi kujua kama vichanja vingewaokoa, kwamba labda vingeng'olewa hata ningesema kweli, kwamba sina mwalo wa pili ambako nilisema hatujaona, ili nilinganishe. Yote hayo ni sahihi, na ningempa alama mwanafunzi yeyote aliyeyaandika. Hayajanipunguzia kitu. Nilifanya somo lile kuwa kazi yangu ya maisha, na watu wamenisifu kwa ukali wangu kwenye neno moja. Niliwarudishia wanafunzi karatasi kwa ajili ya neno hilo. Kuna kijana alilia ofisini kwangu. Alikuwa ameandika nilichokisema mimi.

Nilivuka kwenda msibani Alhamisi. Mwalo umebadilika, kuna nguzo za umeme na vibanda vya chipsi, na nilipopita ufukoni niliona vichanja, vingi, vya vyuma, vimepangwa kwa safu mpaka karibu na mawe. Sikumuuliza mtu vimeletwa na nani wala lini. Nyumbani kwa marehemu nilimkuta Nyangeta, mama wa makamo mwenye macho ya mama yake, ambaye mwaka ule alikuwa akisoma bweni Musoma na hakuwahi kuniona. Baada ya maziko, wageni walipokuwa wakinawa mikono, alinivuta ndani kwenye chumba cha mama yake. Sanduku lilikuwa lilelile. Alisema mama yake alimwambia zaidi ya mara moja kwamba kuna kitu cha yule binti wa chuo, na akija apewe, na asipokuja kisitupwe.

Alinipa fundo la khanga kuukuu. Nilijua kabla ya kulifungua, lakini nililifungua. Wekundu wa kitenge ulikuwa umefifia ukawa kama wa tofali, ila maua ya njano yalionekana bado. Nilikaa kwenye kitanda cha marehemu nikavihesabu kimoja kimoja kwenye magoti yangu. Arobaini na sita kati ya sitini. Nikavihesabu tena. Kumbe siku ile bandani, aliponiuliza mifuko ni mingapi, jibu lilikuwa mkononi mwake. Hakuwa anauliza ili ajue. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke mwenyewe, na nilipokataa kutoka, aliufunga polepole nisiaibike mbele za watu.

"Mama hakutuambia ni vya nini," Nyangeta alisema. "Alisema tu mwenyewe anajua."

Basi hakumwambia hata mwanawe. Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Nyangeta aliogopa, akainama, akanishika bega.

"Kuna nini, mama?"

Na lile neno likaja lenyewe, kama linavyokuja kwa kila mtu anayeulizwa hivyo huku analia. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikasogea kidogo kumpa nafasi kitandani, nikamwambia akae, nikamwekea kipande cha kwanza kwenye kiganja chake, na nikaanza kumweleza asubuhi ya kwanza tuliyofungua dirisha tukaona mawingu.